Fomu ya Kilindi Juu

Kijana wa takwimu katuletea fomu,
karatasi moja, mistari minne kwa kila swali.
Akamwachia Faki Shaame, Faki kanipa mie,
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na miwani yake imevunjika mkono.

Jina la kijiji.

Kilindi Juu.
Najua, kijana, usicheke: kilindi ni chini,
maji meusi nanga isikofika.
Sisi tuko mgongoni. Ukiacha lami
kuna vilima vitatu, mabonde mawili ya mpunga,
kisha mpando tunaouita Shusha Mzigo,
na hakuna aliyeupanda asilitii jina.
Lakini chimba muhogo kwa Bi Kaije, upande wa kibla:
jembe linagonga kome. Kome wa baharini,
mweupe, udongo mwekundu umemjaa kinywani
kama mtu aliyetaka kusema akazibwa.
Bahari ilikaa hapa kabla yetu.
Imehama. Kiwanja haikuuza.

Mahali kilipo.

Mashariki, korongo. Zamani likiitwa Mferejini;
tangu masika yale lilipomeza nyumba ya Time Khatib
pamoja na cherehani, twaliita Koo.
Kusini, mikarafuu ya serikali.
Kaskazini, nguzo ya saruji ya wapima ramani,
ina namba ambayo watoto wameihifadhi kama sura fupi
wasijue tafsiri yake.
Magharibi, hewa. Siku ikitakata
milima ya Bara hutokeza, midogo, kama meno ya chanuo,
na sisi husimama kuitazama
kwa dharau kidogo, mlima kwa mlima.

Asili yake.

Mistari minne!
Walikuja saba na mbuzi jike.
Walikimbia nini? Ndui, deni, au mke wa mtu;
kila ukoo una jibu, na kila jibu lamtia aibu jirani.
Mbuzi aliitwa Kitamli. Majina ya wale saba
hatuna.

Akaja Mmanga na miche ya mikarafuu.
Yeye akipanda mara mbili kwa mwaka, juu ya punda,
akihesabu miti kwa kuipaka chokaa.
Wakaja wachumaji kutoka Bara, msimu mmoja tu, walisema;
makaburi yao yako na yetu, hayana tofauti.
Kisha mwaka ule chokaa ikafutika.
Tukagaiwa eka tatu tatu. Kamba ya mpimaji
ikapita katikati ya nyumba ya Bi Kaije:
kitanda kikabaki kwake, mafiga yakaenda kwa Kombo Hidaya.
Miaka arubaini kapika ugenini
na kila Idi akimpelekea Kombo sahani,
"kodi yako hiyo," na Kombo akila
huku kanuna.

Ikaja miaka ya foleni, tukajua viazi vya mwituni
kipi chaliwa na kipi chaua.
Halafu kuna Januari.
Ile sikuiandika. Mistari ilikwisha,
na shemeji yangu aliyevuka usiku ule
hadi leo mke wake hukunja shuka upande mmoja tu.

Idadi ya kaya.

Hapa nimekwama, kijana.
Kaya ni kuta, au ni moshi?
Kuta ni arubaini na moja.
Jana alfajiri nilipanda kwenye nguzo yenu ya saruji
nikahesabu moshi: kumi na tisa.
Baadaye ukazuka wa ishirini, kwa marehemu Mbarouk,
nikateremka mbio.
Alikuwa mjukuu wake kutoka Maskati,
anachoma majani, anasafisha uwanja,
hajui bado kama atakaa.
Nimeandika ishirini. Kwa penseli.

Nyuma ya karatasi mmeweka swali dogo,
pengine mlidhani hatutageuza:
Kimo kutoka usawa wa bahari.

Bahari ipi?
Hii ya sasa,
au ile ya kwa Bi Kaije?